Plau kwa Tela

Mgeni alifika Alhamisi, tukiwa tunachimba viazi. Pikapu yake ilikata kona kuingia uani bila kusitasita, ikivuta tela refu tupu lenye minyororo iliyokunjwa vizuri. Bibi yangu, Ardis, alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la mwisho. Aliinua kichwa, akafinya macho yake mabovu.

"Huyo kapotea njia."

"Aliyepotea hupunguza mwendo, Bibi. Huyu anajua anakokwenda."

Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, kofia mkononi, uso umemjaa furaha kama mtu anayekwenda kuposa. Alisifu viazi, akasifu ghala letu jekundu, kisha akajitambulisha. Jina lake Royce Kasparek, ametoka Ohio, ameendesha kutwa nzima.

"Kama unauza Biblia, tunazo," Bibi alimwambia. "Kama ni madirisha, haya tuliyonayo yanatosha kupitisha baridi."

Royce alicheka. "Siuzi kitu, mama. Nimekuja kuchukua Tamarack yangu. Najua tulipatana iwe Jumatatu, ila nimesikia mvua inakuja, nikasema nitangulie. Bwana Brusk alinielekeza nianzie kwenye ghala jekundu, maana trekta lenyewe liko hapa."

Bibi alikuwa ameshika kiazi. Alikiweka ndani ya ndoo taratibu, kama yai.

"Bwana Brusk yupi?"

"Leland Brusk."

Mimi nilicheka. Sikuwa na dharau. Ni kwamba jina lile halikuweza kukaa kwenye sentensi ile. Leland ni jirani yetu, ng'ambo ya shamba la mahindi. Ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta nikiwa miguu yangu haijafikia breki. Alifunga vipande vya mbao kwenye pedali, akatembea pembeni yangu bustani nzima. Babu Verlyn alipofariki, watu walileta mabakuli ya chakula na maneno mengi. Leland alikaa jikoni na Bibi akamenya viazi mpaka ndoo ikajaa, ingawa hakuna aliyemtuma, na hakusema neno.

"Kuna makosa," nilimwambia Royce. "Trekta hili haliuzwi. Wala si la mtu mmoja."

"Ndiyo, alinieleza. La nyumba tatu. Alisema wenzake wote wamekubali." Furaha ilianza kumpungua usoni. Alitoa simu, akanipa. "Hebu tazama mwenyewe, dada."

Picha ya kwanza niliitambua kabla sijaisogeza karibu, kwa sababu niliipiga mimi.

Inabidi niseme Tamarack ni nini kwetu. Kiwanda cha matrekta ya bustani kilikuwa hapa hapa Orrin, na nusu ya mji ilikula humo mpaka kilipofungwa, kabla mama yangu hajaolewa. Trekta la mwisho kutoka humo, pamoja na vifaa vyake vyote, walipewa wanaume watatu waliobaki kufagia na kufunga milango: Babu, Leland, na Casimir. Nyumba zao zilikuwa zimepakana. Trekta moja halikatwi vipande vitatu, kwa hiyo waligawana vifaa. Trekta na plau vilikaa kwetu. Leland alichukua mashine ya kukatia nyasi, kirusha theluji na tela dogo la kumwagia udongo. Casimir akachukua kifaa cha kutifulia na fagio kubwa la kuzunguka, na alipouza nyumba yake kwa Chue Vang, alimwachia na vifaa hivyo, maana Chue analima mboga za sokoni na alivitaka kuliko hata paa. Masika trekta huenda kwa Chue, kiangazi kwa Leland, na theluji ikianguka Leland hutusafishia njia sote kabla hatujanywa kahawa. Tunauita Mzunguko.

Mzunguko haukuandikwa popote. Una pini. Kila kifaa huunganishwa na trekta kwa pini moja ya chuma yenye herufi T, na pini ya kiwandani imebaki hiyo moja tu. Bolti yoyote ya dukani ingefaa, lakini hatutumii bolti. Aliyetumia trekta mwisho ndiye hukaa nayo. Na mtu akitaka kujitoa, haanzi kueleza. Huenda nyumba kwa nyumba, huweka pini juu ya meza, na wenzake wakiiona tu wanajua kwamba kuna jambo la kuzungumza. Casimir alifanya hivyo. Bibi husema Casimir aliiweka pini karibu na sahani ya pai, akalia, akala pai, akalia tena.

Kulikuwa na desturi nyingine, ya Babu. Hakupenda vifaa vyote vikutane mahali pamoja. "Vikiwa mbalimbali ni zana," alikuwa akisema. "Vikikutana ni mali." Mimi nilidhani ni ushirikina wa wazee.

Mei nilimaliza chuo nikarudi nyumbani kumtunza Bibi, nikiwa na ndoto ya kuufanya mji ukumbuke ulikuwa nani. Leland ndiye aliyenipa wazo. Tuvikusanye vyote kwenye nyasi zake, alisema, tuvipige picha, na wewe uandike habari yake, tuiweke kwenye tamasha la mavuno. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Niliviosha kwa sabuni laini na kitambaa, si kwa brashi, kwa sababu vitu hivi bado vina rangi ya kiwandani, ile samawati iliyopauka, na anayeikwangua au kuipaka upya kwetu ni sawa na aliyemnyoa babu yake nyusi. Leland alipita na kikombe chake akanicheka: "Unaosha chuma kama unaogesha mtoto. Mtilie poda basi."

Siku hiyo pia mkewe, Marlys, alitoka barazani. Kumbukumbu za Marlys zinamwacha. Zinaondoka kama wageni, mmoja baada ya mwingine, bila kuaga. Lakini alipoliona tela dogo uso wake ulifunguka. Zamani alifanya kazi kwenye chumba cha viti pale kiwandani, na Leland alikuwa wa kujaribu matrekta mapya. Wakati wa chakula alimpakia kwenye tela akampeleka mpaka getini na kumrudisha. Marlys aliingia telani, akaketi, akanishika mkono.

"Siku ya tamasha utaniendesha, Maren?"

"Nitakuendesha."

"Mpaka getini. Gia ya kwanza. Leland hakuwahi kupita gia ya kwanza nikiwa nyuma."

"Mpaka getini, gia ya kwanza. Naahidi."

Tangu siku hiyo alishona mto wa kukalia. Alisahau jina la binti yake, akasahau kama amekula, lakini kila aliponiona alisema neno moja: Jumamosi. Na Jumamosi yenyewe ilikuwa keshokutwa.

Sasa nilikuwa nimesimama kati ya viazi, nimeshika simu ya mgeni. Chini ya picha kulikuwa na maelezo. Nilimsomea Bibi kwa sauti, maana maandishi madogo hayaoni. "Majirani watatu waligawana trekta moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufunga ghala lake kwa kufuli. Kila kifaa ni cha asili. Rangi haijaguswa, kwa sababu aliyeipaka huenda ni mama wa mtu unayemjua."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Nilimsomea Leland Julai ile, barazani kwake, na aliponisikiliza macho yake yalijaa machozi. Nilidhani nimemgusa moyo. Nilirudi nyumbani nikiruka.

"Yameandikwa vizuri," Royce alisema polepole, akinitazama. "Kusema kweli, ndiyo yaliyonifanya nisibishane naye."

Bibi alijiinua kwa kushikilia bega langu. "Maren, kamlete Leland. Wewe bwana, njoo unywe kahawa. Hujafanya kosa bado."

Nilikatiza shamba la mahindi. Njiani nilitunga sentensi ya kumpa Leland mlango wa kutokea. Ningemwambia: Mjomba, kuna mtu anatumia jina lako. Naye angekasirika, angevaa kofia, tungerudi pamoja kumfukuza tapeli.

Alikuwa gereji, ameketi juu ya kreti, anafunga sahani za mkewe kwenye magazeti. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, juu ya mahindi, ambako paa la pikapu ya mgeni lilikuwa likimeta.

"Nilimwambia Jumatatu," alisema.

Ile sentensi yangu nzuri ilifia mdomoni. Jumatatu Bibi alikuwa aende Madison kutolewa mtoto wa jicho, na mimi ndiye dereva. Leland alijua, yeye ndiye aliyetuandikia njia ya kukwepa msongamano.

"Ungevichukua tukiwa hospitali," nilisema.

"Ningewaambia Jumapili."

"Jumapili ipi, Mjomba?"

Aliifunga sahani nyingine, ingawa ilikuwa imekwisha kufungwa. "Kila moja nilisema ni hii. Ninatia pini mfukoni, ninavuka shamba, ninafika kwenu. Bibi yako ananimiminia kahawa. Ananiuliza magoti yanaendeleaje. Sasa hapo ningesemaje?"

"Husemi. Ndiyo kazi ya pini. Unaiweka tu."

Aligusa mfuko wa shati lake. Niliona umbo lake kwenye kitambaa, pini yetu, imelala pale kama kalamu.

"Tunahamia Arizona, kwa binti yetu," alisema. "Kuna nyumba kule ya watu kama Marlys. Nzuri, ina bustani. Haipatikani kwa kumenya viazi."

"Tungesaidia."

"Kwa kitu gani? Kwa maboga ya Chue?" Aliona jinsi nilivyopokea neno lile, akainamisha kichwa. "Samahani. Lakini vitu vyangu peke yake havitoshi, Maren. Mtu hanunui kirusha theluji cha Tamarack. Ananunua Tamarack nzima. Vikikutana..."

"Najua vikikutana. Babu alisema. Na wewe ndiye uliyeniambia nivikutanishe."

Nilisubiri aseme kwamba wazo la picha lilikuwa safi mwanzoni, na uovu ulikuja baadaye. Ningeamini. Nilitaka sana kuamini. Lakini alisema tu, "Wewe una mkono wa kuandika. Mimi ningeandika 'trekta, zuri, njoo.'"

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma.

Jikoni, Bibi alikuwa amemkatia Royce jibini na mkate. Leland alisimama mlangoni asijue kama aketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Bibi hakumwambia aketi.

"Huyu kijana ametoka mbali," Bibi alisema. "Mwambie kipi ni chako."

"Mashine ya nyasi. Kirusha theluji. Tela."

"Na hivi vingine?"

"Si vyangu."

"Basi tumemaliza. Chukua vyake, bwana Kasparek. Mzunguko ni adabu, si pingu. Anayetaka kwenda huenda." Kisha, bila kumtazama: "Nilidhani utanidanganya kwa jambo kubwa zaidi, Leland. Mwanamke, au kura. Si kwa kusubiri nipofushwe macho hospitali."



Royce alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alisukuma sahani yake akasema, "Mimi sitoi kitu kwenye ghala la mtu asiyeuza. Hata kama nimeshakitamani." Alimwambia Leland atachukua vile vitatu kwa makubaliano mapya, wakaenda pembeni wakaelewana, bila shaka kwa bei pungufu sana ya aliyoitegemea Leland, maana alirudi amezeeka.

Tulikwenda wote uani kwa akina Brusk. Royce alipakia mashine ya nyasi, kisha kirusha theluji, akivifunika kwa blanketi kabla ya kuvifunga mnyororo. Nilitazama mdomo mrefu wa kirusha theluji ukiinama chini ya blanketi, nikawaza asubuhi za Januari. Alipolishika tela dogo, mlango wa baraza ulifunguka.

Marlys alitoka na mto wake mpya kifuani. Alikuwa ameushonea maua ya samawati. Alitazama tela, akanitazama mimi.

"Tunaondoka sasa? Mbona ulisema Jumamosi?"

"Ni Jumamosi, Marlys," nilimwambia. "Bado."

"Aa. Basi mbona analitoa?"

Alibaki amesimama, akiugeuzageuza mto kutafuta upande sahihi.

Nilimvuta Royce kando. "Liache hadi Jumamosi mchana. Tafadhali. Nimemwahidi yule mama."

Alikuna ndevu. "Kesho asubuhi natakiwa Indiana, kuna mnada. Siwezi kusubiri, dada, wala siwezi kurudi kutoka Ohio kwa ajili ya tela moja. Tena hili ndilo adimu; mengi yaliliwa na kutu kwa kubebeshwa samadi." Alisitasita, kisha akasema kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba nyongeza ya nyama: "Labda tubadilishane. Mle ghalani niliona plau. Ukinipa plau, naliacha tela moja kwa moja, na mzee sitamdai kitu."

Plau lilikuwa langu. Wahitimu wengine hupewa saa. Mei ile Bibi alinipa plau. Alilifunga utepe mwekundu akaliweka sebuleni, juu ya zulia. Babu ndiye aliyelichomelea kiwandani, na chini ya mhimili aligonga herufi za jina lake, V na T, mahali ambapo bosi asingeinama kutazama. Nikiwa mdogo nililala chali ghalani ili nizipapase kwa kidole. Na trekta lisilo na plau, kirusha theluji wala mashine ya nyasi, ni kiti chenye magurudumu. Mimi niliyetaka kuuhifadhi Mzunguko kwenye meza ya tamasha, ndiye ningeukata pande la mwisho.

Nilimtazama Bibi.

"Usinitazame mimi," alisema. "Plau ni lako. Na ahadi ni yako."

Leland alisogea karibu. Alikuwa amesikia. "Maren, usifanye hivyo," alisema kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. "Jumapili hatakumbuka kama alipanda. Jumamosi jioni hatakumbuka. Mpe mtu tela lake."

Katika yote aliyonifanyia, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: kwamba alimfahamu Marlys kwa miaka yote hiyo na bado aliweza kufanya hesabu ile.

"Nilimwahidi yeye, Mjomba," nilisema. "Wewe sikukuahidi kitu."

Tulikwenda ghalani, mimi na Royce. Tulilibeba plau pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilimwonyesha herufi za Babu chini ya mhimili, kwa sababu nilitaka kuwe na mtu Ohio anayejua zilipo. Aliinama akazitazama muda mrefu.

"Sitalipaka rangi," alisema.

"Ukilipaka nitajua."

"Naamini." Akalifunika kwa blanketi lake zuri kuliko yote, lililobaki mbele kwenye kiti.

Ijumaa tulikwenda mkahawani kula samaki wa kukaanga, kama mji mzima ufanyavyo kila Ijumaa. Kiti cha Leland kilikuwa wazi, na mji mzima ulijua. Watu waliongea juu ya hali ya hewa kwa bidii ya kupita kiasi. Chue Vang alikuja kuketi nasi na sahani yake.

"Kwa hiyo mimi nina kifaa cha kutifulia," alisema, "na ninyi mna trekta, na kati yetu kuna mtu aliyeuza theluji."

"Kirusha theluji," nilisema.

"Ningependa angeuza theluji yenyewe." Alimsogezea Bibi limau. "Mama Ardis, Mzunguko umekufa?"

Bibi alitafuta mwiba ndani ya samaki kwa ulimi, akautoa. "Pini iko wapi?"

"Kwake bado," nilisema.

"Basi haujafa. Umekaa vibaya tu."

Usiku nilifikiria kutumia bolti. Ilikuwa kwenye droo, mpya, inang'aa, inaingia kwenye tundu bila shida. Sikutaka kumwomba Leland chochote.

Lakini Jumamosi asubuhi, kabla sijalitoa trekta ghalani, alikuja. Alibisha mlango, yeye ambaye hajawahi kubisha. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Aliingia jikoni, akatoa pini mfukoni, akaiweka juu ya meza, kati ya kikombe cha Bibi na mkate. Ililia kidogo juu ya mbao, kisha ikatulia.

Bibi aliipapasa kwa vidole kuhakikisha ni yenyewe.

"Umechelewa, Leland."

"Najua."

"Haibadilishi kitu."

"Najua, Ardis."

"Lakini umeiweka." Alivuta kiti kwa mguu wake, kidogo tu, kiasi ambacho mtu angeweza kudai hakuona. Leland alikitazama kiti kile. Hakuketi. Nilichukua pini nikatoka nje, kwa sababu sikutaka kumpa machozi yangu pia. Maneno yangu alikwisha kuyapata.

Niliunganisha tela mwenyewe. Marlys alikuja akiongozwa mkono, amevaa kofia ya majani, akauweka mto wake, akaketi kama malkia aliyezoea. "Jumamosi," aliniambia.

"Jumamosi," nilimjibu.

Msafara wa tamasha ulipita barabara kuu kama kila mwaka: zimamoto wakirusha peremende, bendi ya shule ikikosea pale pale inapokosea, matrekta makubwa, kisha madogo. Watu walitupigia makofi. Walimwita Marlys kwa jina naye akawapungia wote kwa usawa. Mwisho wa barabara msafara hukata kulia, kuelekea uwanja wa kanisa, ambako kuna majaji na soseji. Kiwanda kiko kushoto. Msimamizi mwenye fulana ya njano alininyooshea kidole kulia. Nilimwinamishia kichwa, nikakata kushoto.

Ghafla tulikuwa peke yetu. Barabara ya kiwandani ina nyufa, na nyasi zimeota ndani ya nyufa. Marlys aliacha kupunga, akashika kingo za tela kwa mikono miwili. Nilisikia hatua nyuma yetu.

Sikugeuka mara moja. Nilizijua hatua zile. Zina mguu mmoja unaoburuta. Alikuwa ametufuata kutoka barabara kuu, akitembea nyuma ya tela na shali ya mkewe mkononi, kwa magoti yale ambayo Bibi humwulizia.

Mkono wangu ulikuwa juu ya gia. Gia ya pili iko karibu sana na ya kwanza. Ni kuvuta tu kidogo. Kwa gia ya pili asingetufikia. Angebaki pale katikati ya nyufa, akitutazama tukienda, na angejua inavyokuwa. Nilitaka hivyo. Siwezi kusema sikutaka. Nilikuwa na haki, na barabara ilikuwa tupu.

"Ni gia ya kwanza hii?" Marlys aliuliza nyuma yangu.

"Ya kwanza."

"Nimejua kwa mlio." Kisha, kwa furaha ya siri: "Leland hapiti gia ya kwanza nikiwa nyuma."

Geti lilikuwa mbali bado, kutu juu yake na herufi T katikati. Niliondoa mkono kwenye gia, nikaushika usukani kwa mikono miwili, na nikaenda polepole, kwa mwendo wa mzee anayetembea, mpaka getini.